Shubiri Moja Kutoka Mdomoni

Zabrze, 24 Juni

Mjomba Alojz,

Nakuamkia kwa heshima na kukuomba radhi. Siku ya mtakatifu wa jina lako ilikuwa tarehe ishirini na moja, nami nimechelewa siku tatu. Nilitaka kupiga simu, Mama akasema, "Piga, utaongea na ukuta." Anasema tangu tulipomzika mkeo, Shangazi Hela, miaka miwili iliyopita, hupokei simu ya mtu yeyote. Kwa hiyo naandika. Nakuita Mjomba kama Mama anavyokuita, ingawa wewe ni kaka yake Bibi Trudka na huenda ningepaswa kukuita babu. Ukichukia niambie.

Sisi hatujambo. Baba yuko zamu ya mchana mgodini na kikohozi kimepungua. Mimi nimemaliza shule. Mtihani wa mwisho wa kuandika sikuuogopa, lakini ule wa mdomo nilisimama mbele ya walimu watatu nikasahau hata jina langu. Mmoja akaniletea maji.

Sasa jambo lenyewe. Si langu, ni la rafiki yangu Lidka. Lidka anachana, yaani anaandika mistari na kuighani juu ya mdundo. Siku ya Mtakatifu Barbara, tarehe 4 Desemba, sikukuu ya wachimbaji, klabu ya utamaduni itafanya tamasha katika bafu la zamani la mgodi, na kijana mmoja atachaguliwa kulifungua. Anayetaka apeleke wimbo uliorekodiwa kabla ya tarehe 15 Novemba. Lidka amejirekodi kwa simu, akasikika kama mtu aliyeko ndani ya ndoo. Wimbo wake unahusu mwanamke aliyegawa taa kwa wachimbaji. Anasema asipojaribu mwaka huu hatafungua mdomo tena maishani, na mimi namwamini.

Wewe ulikaa miaka thelathini na moja nyuma ya kioo cha studio ya redio. Anunue maikrofoni gani? Na kile kisanduku cha kukuza sauti, kinachokaa kati ya maikrofoni na kompyuta, kiwe cha namna gani? Mtandaoni watu wanatukanana kama mashabiki wa mpira.

Wako,
Jagoda


Suwałki, 9 Julai

Jagoda,

Niite Mjomba. Babu ni mtu mwenye mvi, mimi sina hata hizo.

Mwaka huu Suwałki imetupa siku nne za joto, na zote nimezitumia kupasua kuni za baridi. Mguu unauma, paka kazaa. Kuhusu simu, mwambie mama yako kwamba yangu inakwaruza.

Nimefurahi kwamba bado kuna mtu anayeuliza kabla ya kununua. Ila siwezi kumchagulia mtu maikrofoni kabla sijakijua chumba. Lidka alale vipi, ale nini, hayo yake. Mimi nataka kujua kuta zake ni za nini, dirisha linatazama wapi, na akisema, anasema kwa nguvu au anamumunya. Asinitumie sauti. Anieleze kwa maneno. Anayeweza kuieleza sauti kwa maneno amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Kuna mwanamke wa chumba cha taa ninayemfahamu. Mwambie Lidka asije akakosea: taa hazikutolewa kwa majina. Zilitolewa kwa namba.

Alojz


Zabrze, 3 Agosti

Mjomba mpendwa,

Hongera kwa paka. Nimefaulu, hata ule wa mdomo! Nimepata kazi ya kufunga mikate katika duka la Bwana Pyka. Ananiita "Bibi Kimya" lakini si kwa ubaya. Mama anakusalimu. Kuhusu simu alisema, "Inakwaruza miaka miwili?" kisha akaenda kumenya viazi.

Nimemhoji Lidka. Anaishi ghorofa ya nane. Kuta ni za zege, ukipiga kofi moja chumba kinajibu kama sufuria tupu. Lifti ikipita, ukuta unanguruma kidogo, kama mtu mwenye njaa. Dirisha linatazama uani, kwenye lile bomba la kutundikia mazulia, na kila Jumamosi Bi Gizela anayapiga mazulia yake kama yamemkosea. Sauti ya Lidka ni ya chini, nzito kidogo kwa msichana, na hapendi kuipandisha. Nimemsikia akichana mara moja tu.

Ameona maikrofoni mbili kuukuu zinazouzwa. Moja nyeusi, fupi, kama wanazoshika waimbaji jukwaani. Nyingine kubwa, ya rangi ya fedha, imening'inizwa kwenye mipira kama buibui. Lidka anaipenda hiyo ya pili. Inang'aa.

Jagoda


Suwałki, 18 Agosti

Jagoda,

Hongera kwa mtihani. Kwa mama yako pia, maana nakumbuka wake.

Ile inayong'aa ni nzuri sana, na hiyo ndiyo shida yake. Inasikia kila kitu: sufuria, lifti, tumbo. Bi Gizela ataimba kiitikio. Ile nyeusi ni kiziwi kidogo, na kiziwi si mtu mbaya. Anamsikia aliye mbele ya pua yake, wengine wote anawaacha waseme. Kwa chumba cha zege ningechukua kiziwi.

Lakini kiziwi anahitaji mtu wa kumpazia sauti, na hapo ndipo kisanduku kinapoingia. Lidka anasema kwa upole. Kisanduku dhaifu, ukikizungusha mpaka mwisho, kitavuma shhh kama mafuta kikaangoni, na kila akinyamaza huo mvumo utasikika. Watu wanamaliza pesa kwenye maikrofoni, kisha wananunua kisanduku kwa chenji iliyobaki. Afanye kinyume.

Na kwa vyovyote vile, asirekodi katikati ya chumba. Afungue kabati la nguo lenye makoti ya baridi, asimame akilitazama, maikrofoni ikiwa kati yake na makoti, na juu ya mlango wa kabati atundike mfarishi wa manyoya ya bata. Nafikiri nyumbani kwenu kuna ule wa Trudka. Nyumbani kwa Lidka, sijui. Mbele ya maikrofoni anyooshe soksi ndefu ya kike kwenye pete ya waya, ipokee zile pumzi za herufi P kabla hazijaipiga. Mdomo ukae shubiri moja. Si mbili.

Alojz


Zabrze, 14 Septemba

Mjomba,

Tu wazima. Mama ametia kabichi chumvi, nyumba nzima inanuka, Baba amekimbilia kwenye njiwa wake.

Sijui nianzeje. Lidka amenunua ile inayong'aa. Aliogopa kwamba kiziwi hatamsikia hata kidogo, kwa vile watu wote humwambia "sema kwa sauti, mama." Akaona afadhali maikrofoni yenye masikio. Kisanduku amenunua kidogo, cha bei ndogo. Samahani. Nilimkumbusha ulivyosema.

Sasa amefanya yote: kabati, mfarishi, soksi. Na bado ni mbaya. Anasikika kama yuko chumba cha pili na mlango umeegeshwa. Lakini makoti yaliyo nyuma ya maikrofoni yanasikika karibu, unayasikia yakisuguana kila akitikisika. Akisogea ndani ya shubiri habadiliki, anakuwa mzito tu na wa mbali. Amezungusha kisanduku mpaka mwisho, nacho kinavuma vilevile ulivyosema. Ameghani mara arobaini na moja. Jana amelia. Anafikiri kasoro ni sauti yake.

Jagoda


Suwałki, 20 Septemba

Jagoda,

Haraka, posta inafungwa.

Aigeuze. Anaimbia kisogo. Maikrofoni ile haisikii kwa kichwa wala kwa mgongo, inasikia kwa upande mmoja tu wa ubavuni, wenye alama ndogo. Muuzaji aliifunga kinyume, naye kwa adabu zake hakugusa. Kule redioni tuliwahi kumpokea askofu, akahutubia kisogo dakika ishirini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sauti yake haina kasoro. Mwambie leo hii.

A.


Zabrze, 4 Oktoba

Mjomba mpendwa sana,

Alama ilikuwepo! Duara dogo, kama punje ya dengu, linatazama makoti. Nimegeuza na kusema neno moja tu, "taa," na nikaruka, kwa sababu kulikuwa na mtu sikioni mwangu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Unaona nimeandika nini. Hakuna Lidka, Mjomba. Nadhani ulijua tangu mwanzo, kwa ule mfarishi. Sikuwa na nia ya kukudanganya. Nikisema "rafiki yangu anachana" watu wanasema "ehee," nikisema "mimi ninachana" wanatazama viatu vyangu.

Nakushangaa. Nimemsomea Baba barua yako, naye akasema, "Mtu wa umbali wa siku nzima kwa gari moshi, hajasikia chochote, na amejua maikrofoni inatazama wapi!" Umejuaje bila kusikia? Ningependa kujua kazi moja hivyo, hata moja tu.

Nimeweka sidii ndani ya bahasha. Ni wimbo mzima. Unahusu Bibi Trudka na ile siku ambayo Mama alinisimulia, taa zote zilirudi isipokuwa namba 612, yaani mchimbaji mmoja bado yuko chini, naye akakataa kufunga dirisha la chumba cha taa hata msimamizi alipomtisha, mpaka 612 iliporudi asubuhi. Mvumo bado upo kidogo, lakini mistari inasikika.

Niambie ukweli. Ukisema haufai, sitapeleka. Wewe ndiwe mtu wa kwanza kuusikia.

Jagoda


Suwałki, 21 Oktoba

Jagoda,

Asante kwa bahasha. Uyoga mwaka huu ni wa ajabu, nimetoa vikapu tisa msituni, mwingine nimeukausha, mwingine nimeutia siki. Nitawatumia mitungi miwili. Paka wadogo wamegawiwa wote isipokuwa mmoja mwenye jicho moja. Tarehe mosi Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, sitaweza kuja makaburini, mguu. Tafadhali umwashie Trudka mshumaa wangu pamoja na wa kwenu.

Kuhusu Lidka: nilijua kwa sentensi ya pili. Usione haya.

Alojz


Zabrze, 2 Novemba

Mjomba Alojz,

Salamu. Mshumaa umewashwa, mwekundu. Watu walikuwa wengi na hewa ilinuka nta. Mama alisema kwa mwaka wa pili kaka pekee wa marehemu hajafika. Mitungi imefika, asante.

Kuhusu wimbo hukuandika neno hata moja. Nimeelewa. Ulikuwa mwema kwangu muda wote na hukutaka kuniumiza. Sitapeleka. Maikrofoni nimeirudisha kwenye boksi lake, na makoti Mama anayahitaji sasa, maana baridi imeingia.

Usisumbuke kujibu.

Jagoda


Suwałki, 6 Novemba

Jagoda,

Itoe maikrofoni kwenye boksi. Kisha kaa chini usome.

Sisikii. Si kwamba sisikii vizuri, sisikii. Sikio la kushoto lilikufa kabla ya Hela, la kulia lilimfuata Hela kama mbwa. Vifaa vya sikioni vinanipa kelele bila maneno. Simu haikwaruzi. Inaita, mimi naona kitaa chake kinawaka, nakiangalia mpaka kizime. Nimewaacha mama yako na wenzake wanione mwenye kiburi, kwa kuwa mtu wa sauti asiye na masikio anachekesha, nami sikutaka kuchekesha. Wewe unaona haya kusema. Mimi nimeona haya kutosikia. Tumelingana.

Sidii yako ilipofika nilikaa nayo siku kumi na tatu. Ningekuandikia "nzuri" ningekudanganya, na kazi hii sikuwahi kuidanganya. Nikaandika uyoga.

Barua yako ilipofika jana nikakumbuka nina kisanduku changu cha redioni, waliponistaafisha waliniachia kwa sababu ni kizito na hakuna aliyekitaka. Kinakuza sauti bila mvumo, na usoni kina mshale unaocheza kadiri mtu anavyosema. Miaka thelathini na moja niliutazama huku nikisikia. Nikaunganisha sidii, nikazima taa zote isipokuwa ile ya mshale, nikatazama wimbo wako.

Nitakueleza kwa maneno nilichoona. Unaingia chini, mshale hauruki, unainuka kama mtu anayeamka kitandani bila kumwamsha mwenzake. Hupigi kelele popote. Watoto wa siku hizi mshale wao unagonga ukuta wa kulia na kubaki pale. Wako unakwenda na kurudi, unabeba. Katika ubeti wa pili unakimbia, nusu ya mistari nilidhani mshale umekatika. Halafu kabla ya namba unasimama. Mshale unalala kabisa. Nikahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu ukatikisika kidogo tu. Hiyo ni pumzi yako. Kisha ukaja mkubwa, mara tatu: mia sita, kumi, na mbili. Nimewarekodi waimbaji wenye majina, Jagoda. Ni wawili tu niliowaona wakijua kunyamaza hivyo. Pumzi ile usiikate. Mtu akikuambia uisafishe, mfukuze.

Na Trudka hakuwaambia jambo moja. 612 ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mwezi wangu wa tano chini. Nilipotoka asubuhi, dirisha lilikuwa wazi naye yuko palepale, akapokea taa, akanishika sikio hili la kulia, akasema, "Hurudi tena humo." Wiki ile ile alinipeleka kwa mtu aliyejua mtu wa redio.

Pamoja na barua kuna kifurushi. Ni kisanduku. Kinataka dakika ishirini kipate joto. Usizungushe zaidi ya nusu, na uuache mshale uiguse alama ya sifuri bila kuivuka. Una siku tisa.

Mwambie mama yako. Mimi sijui namna.

Alojz


Zabrze, 26 Novemba

Mjomba wangu,

Kisanduku kilifika tarehe 12. Baba alikipandisha ngazi ghorofa nane kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika. Mama aliisoma barua akiwa amesimama, akaketi, akalia, kisha akapiga meza. "Mzee mjinga! Miaka miwili namnunia mtu asiyesikia! Nilimtukana kwenye mashine ya kurekodi simu, Jagoda, nilimtukana kwa maneno mabaya!" Nikamwambia kwamba hukuyasikia. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilirekodi tarehe 13. Mama mwenyewe alishika mfarishi, mikono juu, dakika tatu na nusu. Kisanduku hakivumi. Nilidhani kimezimika. Ukinyamaza, kunakuwa kimya kweli, unaweza kukitegemea kama kiti. Nilighani mara tatu tu. Pumzi ipo.

Nilipeleka tarehe 14. Jana wamenipigia. Nimechaguliwa mimi, Mjomba. Mama yuko jikoni anaimba, na sasa naogopa sana, kwa sababu sikufikiria hapo mbele: inabidi nisimame mbele ya watu.

Njoo. Nitaomba maikrofoni ipite kwenye kisanduku chako, na kisanduku kiwekwe mezani mbele yako, mshale ukikutazama.

Jagoda


Suwałki, 29 Novemba (kadi)

Nafika tarehe tatu, gari moshi la saa tisa alasiri. Mwambie mama yako asihangaike kupika nyama za kuviringisha na kabichi nyekundu. Aelewe maana yake. A.


Zabrze, 8 Desemba

Mjomba mpendwa,

Natumaini umefika salama na yule paka wa jicho moja hakukununia. Baba anasema bado anakuona kwenye kiti chako. Mama amenunua bahasha kumi na zote ni za kukuandikia wewe.

Uliniambia mwanzoni nieleze sauti kwa maneno. Pale ukumbini ulikuwa unatazama mshale, na baadaye watu walikuzunguka, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo huna.

Nilipopanda jukwaani viti vya chuma vilikwaruza sakafu, kila upande, kisha vikaacha. Mdundo ulipoanza, ile minyororo iliyobaki juu darini, ambayo wachimbaji walitundikia nguo zao, ilianza kulia. Si kwa nguvu. Kama vijiko kwenye droo nyumba ya jirani. Hakuna aliyeipanga hiyo, na ilikuwa nzuri kuliko mdundo wenyewe. Sauti yangu ilikwenda mpaka ukuta wa nyuma na haikurudi, kwa sababu watu walikuwa wamejaa na makoti yao ya baridi, kabati zima la watu. Shubiri moja, nilipima kwa mkono. Unajua kwamba sikuwatazama. Nilikutazama wewe ukiutazama mshale.

Kabla ya namba nikanyamaza. Hata minyororo ilinyamaza. Nikasikia mtoto mmoja akimeza mate. Nikavuta pumzi, nikasema, "Mia sita kumi na mbili."

Ndipo ukasimama, Mjomba, ukasema, "Nipo!"

Najua hukujisikia. Mama anadhani ulitaka kusema polepole. Haikuwa polepole. Ilikuwa sauti kubwa, iliyovunjika katikati na kuungana tena, sauti ya kijana, nasema kweli, si ya mzee. Iligonga vigae vya bafu ikarudi mara mbili. Bi Gizela akasema, "Jamani!" Kisha wazee wa mgodi waliokaa nyuma, ambao hata siwajui, wakaanza mmoja mmoja kutaja namba zao, "Mia mbili na nne, nipo," "Elfu na sabini, nipo," na kila namba ilikuwa na sauti yake, moja kavu, moja yenye kikohozi kama cha Baba. Mdundo uliendelea peke yake. Sikuweza kuingia kwenye ubeti wa mwisho. Walioghani walikuwa wao.

Wamenialika tena mwezi wa Machi, nami nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sauti ambayo Bwana Pyka aliisikia kutoka kwenye tanuri.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi kizito. Ni kisanduku, nakirudisha. Usikasirike. Mimi nimeanza kuweka akiba ya changu, kidogo, kisichovuma, na nikikipata nitakieleza. Wewe huna sikio lingine ila huo mshale.

Sidii iliyomo ndani ni wimbo mpya. Hakuna aliyeusikia bado. Kipe dakika ishirini kipate joto, kisha utazame, na uniandikie ulichokiona.

Mpwa wako,
Jagoda